Panda na Katizo, Ushuke Nalo: Mwongozo kwa Wahakiki Wakorofi wa Kitale na Bungoma

Ukipewa kiraka cha kerneli ya Linux kinachogusa makatizo ya maunzi, usianze na mistari iliyobadilishwa. Najua inavutia. Ya kijani imeongezwa, iliyo myekundu imetolewa, na ukifika chini kidole kinaanza kukuwasha uandike Reviewed-by na jina lako kamili. Kikalie hicho kidole. Chukua kalamu uchore njia ya katizo kutoka kwenye pini hadi kwenye kora, kisha uchore njia ya kurudi. Mhakiki asiye na mchoro anakagua tahajia tu.

Mchoro uwe wa kitu unachokijua. Chukulia ghala la mahindi Kitale, ubao wa Raspberry Pi 5 ukutani, na kipima unyevu kilichofungwa kwenye pini moja. Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 hayapokelewi na Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, na yakirundikwa hivyo hivyo huingiwa na sumukuvu. Kipima kikilia, lazima kisikike, na kisikike kila mara.

Sasa fuata kilio chake. Ubao huu, uliotoka mwaka 2023, una chipu mbili kubwa: BCM2712 yenye kora nne, na RP1 inayosimamia pini. Pini 28 zimewekwa kwenye benki moja, na benki nzima ina waya mmoja wa kulalamikia. Waya huo unaingia kwa msimamizi wa makatizo aliye ndani ya RP1. Yeye anaugeuza mlio kuwa ujumbe wa MSI-X, ujumbe unapita PCIe hadi BCM2712, na huko kifaa kiitwacho MIP kinaugeuza kuwa waya tena. Waya wa MIP unaingia GIC-400, na GIC-400 ndiyo inayoishtua kora. Hayo ni matabaka manne kabla mtu hajajua kwamba mahindi yana maji.

Aliyewahi kupeleka lalamiko Bungoma anaijua safari hii. Ng'ombe wa jirani ameingia shambani kwako. Unamwambia mzee wa kijiji, mzee anampelekea naibu wa chifu, naibu anampelekea chifu, chifu anampelekea naibu kamishna. Kila ofisi ina daftari lake, na kila daftari linalipa lalamiko lako namba yake: la 7 kwa mzee, la 112 kwa chifu. Kiraka kibovu humpelekea chifu namba ya mzee, kisha ng'ombe wa mtu mwingine kabisa ndiye anayeitwa barazani. Kwenye kerneli, namba ya ndani ya tabaka huitwa hwirq, na daftari la kuitafsiri ni irq_domain. Kila unapoona namba ya katizo kwenye msimbo, uliza ni ya daftari gani. Ukiulizia namba zote, ya kumi itakulipa.

Swali la pili lina uzito zaidi: tabaka hili linakusanya au linapitisha?

Linalokusanya huchukua vilio vingi na kuvitoa kwa waya mmoja, kama benki yetu ya pini 28. Ili kujua nani kalia, lazima lisome rejista ya hali na kupita biti moja moja. Linalopitisha lina mlango mmoja wa kuingia na mmoja wa kutoka kwa kila katizo, kama MIP inapoikabidhi GIC. Kwa tabaka la namna hii kerneli ina ngazi rasmi, iliyoingia toleo la 3.19 mwezi Februari 2015 kutokana na kazi ya Jiang Liu akishirikiana na Thomas Gleixner: namba moja ya Linux kwa katizo zima, na chini yake mlolongo wa irq_data, kila moja ikimjua mzazi wake. Ubao wetu una aina zote mbili, ndiyo maana naupenda kwa kufundishia. Mwandishi akilivisha tabaka la kukusanya joho la kupitisha, rudisha kiraka hata kama kila mstari umenyooka.

Tabaka la kukusanya lina hatari yake ambayo kiraka hakitakutajia. Waya wake hauonekani kwenye /proc/interrupts. Pia linamkwepa mlinzi mzuri wa kerneli, yule anayehesabu makatizo 100,000 ya namba moja, na akikuta zaidi ya 99,900 hayana mwenyewe, anaizima namba hiyo na kuandika wazi kwamba hakuna aliyejali. Waya wa mkusanyaji ukikwama juu, mlinzi huyo hana habari, na ubao unaganda bila kuacha neno. Kwa hiyo mwandishi akikuambia amepima na hakuona onyo lolote, muulize angelionea wapi.

Tumefika kora. Wahakiki wengi hufunga daftari hapa na kwenda kunywa chai, na mimi nakuomba ubaki, kwa sababu hitilafu zilizo mbaya kuliko zote ziko njiani kurudi.

Kuna katizo la ukingo, linalolia mara moja waya unapopanda, na kuna katizo la kiwango, linaloendelea kulia maadamu waya uko juu. Ujumbe wa MSI-X hauna kuendelea: ukishatumwa umetumwa. RP1 basi inabeba katizo la kiwango juu ya ujumbe wa mara moja, na ili pengo hilo lizibwe kuna biti iitwayo IACK. Kishughulikiaji kikimaliza kazi, draiva lazima iiandike biti hiyo. Waya ukiwa bado juu, RP1 inatuma ujumbe mpya. Mwandishi akiisahau, jaribio la mezani litapita vizuri, kwa kuwa mezani alibonyeza mara moja akaachia. Ghalani, kipima kitalia mara ya pili kabla kilio cha kwanza hakijaisha, waya utabaki juu, na pini itanyamaza hadi mtu auzime ubao. Mahindi yataendelea kuoza huku skrini ikisema kila kitu ni shwari.

Kwa hiyo andika swali hili kwenye kila kiraka cha namna hii, kwa maneno haya haya: "Ndugu, waya ukiwa bado juu baada ya kishughulikiaji kumaliza, ni nani anayetuma katizo la pili?" Asipojibu kwa jina la rejista, hajajibu. Kisha uliza la mpangilio: tabaka la chini linanyamazishwa kabla au baada ya la juu kuambiwa kwamba kazi imekwisha? Waya wa kiwango ukiachwa juu wakati tabaka la juu linaambiwa shughuli imekwisha, katizo lile lile linarudi papo hapo, na kora inazungushwa bila kufanya kazi yoyote.

Kufuli nazo. Kazi nyingi za irq_chip huitwa kerneli ikiwa imeshika kufuli ghafi na makatizo yamezimwa. Draiva ikitumia spinlock ya kawaida mahali hapo, kwenye kerneli nyingi mambo yataenda, lakini kwenye PREEMPT_RT, iliyokubaliwa katika toleo la 6.12 mwezi Novemba 2024, kufuli hiyo inaweza kulala. Inatakiwa raw_spinlock. Na kama pini za mizani ya miwa kule Bungoma zinapita kwenye kipanuzi cha I2C, rejista zake hazifikiki bila kulala kabisa. Mabadiliko yawekwe akiba, yaandikwe baadaye ndani ya irq_bus_sync_unlock. Usikubali ahadi ya "nitarekebisha kwenye kiraka kijacho". Kiraka kijacho kina mambo yake.

Njia za kushindwa zipitie kwa kidole. Makatizo manne yakiombwa na la tatu likakataliwa, mawili ya kwanza lazima yarudishwe kwa mzazi. Angalia pia kama tabaka la katikati limesahau kumpitishia mzazi ombi la kuhamisha katizo kwenda kora nyingine.

Ujumbe wa kiraka nao uhakikiwe kwa ukali ule ule. Unataka dalili aliyoiona mtumiaji, chanzo chake, na mstari wa Fixes wenye herufi 12 za mwanzo za badiliko lililoleta hitilafu. "Kuboresha ushughulikiaji wa makatizo" hakumwambii mtu kitu.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii pale Bungoma na wa Kitale National Polytechnic hawahitaji kibali cha mtu kuanza kazi hii; msimbo uko wazi, na kila simu ya Android mkononi mwa wakala wa M-Pesa inaendeshwa na kerneli hiyo hiyo. Asiye na ubao atumie QEMU, ambayo huiga GICv3 pamoja na tabaka lake la ujumbe. Washa CONFIG_GENERIC_IRQ_DEBUGFS ujenge kerneli yako, kisha ufungue /sys/kernel/debug/irq/irqs. Katizo la MSI litakuonyesha wazazi wake, tabaka kwa tabaka. Kwenye Pi 5, katizo la pini litaonyesha tabaka moja tu, kwa kuwa benki ya kukusanya imekata mlolongo, na hapo hakuna kosa. Lakini katizo la MSI likikosa mzazi uliyemchora kwenye karatasi, piga picha ya karatasi na ya skrini, umpelekee mwandishi zote mbili, na usiandike Reviewed-by hadi zifanane.