Jinsi ya Kuificha Bima Ndani ya Albamu ya Harusi

Sogea karibu, mpiga picha mwenzangu, kamati ya harusi isitusikie.

1. Piga hesabu nyumbani, mlango umefungwa. Kamera mbili na lenzi zake zimekugharimu 9,000,000? Kwa miaka 3, hizo ni 3,000,000 kila mwaka. Wala miaka 3 si woga: shata ya Canon 5D Mark IV ilikadiriwa mipigo 150,000. Ukipiga picha 3,000 kila harusi, inatosha harusi 50 tu. Ongeza bima, fundi, LUKU, bando, leseni na bajaji za usiku wa manane: 4,200,000. Jilipe 900,000 kwa mwezi, maana nawe unakula. Jumla 18,000,000.

2. Usigawe kwa Jumamosi 52. Kwaresima na Ramadhani kumbi hupoa, na mwaka 2026 zilianza wiki moja. Gawa kwa kazi 30. Chini ya 600,000, wewe ndiye unayewachangia harusi.

3. Neno bima lisikutoke. Mweka hazina akiliona kwenye karatasi atalikata: "Hiyo inatuhusu nini sisi?" Inawahusu sana, siku mjomba atakapojikwaa kwenye stendi ya taa yako na kuvunjika mkono. Lakini usibishane. Itie kwenye bei ya albamu. Albamu haikatwi; mama wa bibi harusi ameshaahidiwa ukurasa wake.

4. Andaa vifurushi vitatu: Fedha, Dhahabu, Almasi. Ile 600,000 iwe Fedha, chini kabisa. Dhahabu iwe 850,000. Hakuna kamati inayotaka majirani wasikie walichukua cha chini. Watapanda wenyewe, na watakushukuru.

5. Wakisema "punguza kidogo, kijana wetu," itikia kwa heshima: "Sawa, mzee. Tutoe albamu au tutoe saa za ukumbini?" Kisha nyamaza. Usijaze ukimya huo. Pesa nyingi za wapiga picha hupotelea hapo.

6. Chukua advansi, nusu au zaidi, na siku hiyohiyo nenda kakate bima kabla pesa haijapata matumizi mengine. Waulize watu wa bima kama wanalipa kamera iliyoibwa ndani ya gari lililoegeshwa. Wakisema ndiyo, waandike.