Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Maji: yamefika, yamo kwenye dizeli

Mkurugenzi Mtendaji,
Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira,
Mji Wetu (jina nalihifadhi, msije mkakata hata haya niliyoyapata).

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: SHUKRANI KWA KUFIKISHIWA HUDUMA YA MAJI KUPITIA TANGI LA DIZELI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi, mwenye dira ukutani na bomba uani, vyote viwili vikiwa vizima kabisa kwa kuwa havijawahi kuchoshwa na maji. Pia namiliki Kosta moja ya abiria. Mtaani kuna watu wanasema mradi wenu umekwama. Mimi nawatetea. Nawaambia haukukwama, ulibadilisha njia tu. Masika haya maji yamenifikia, mengi, kwa presha nzuri, na sikupanga foleni ya ndoo. Nilipanga foleni ya sheli.

Ushahidi ninao. Gari lilianza kumisi kwenye mlima, likatoa moshi mweupe, likazima na abiria wake. Fundi alipofika hakuuliza maswali mengi. Alilegeza koki ya chini ya filta, akakinga chupa. Yakatoka maji, yakafuata maji tena, kisha kitu chenye rangi ya chai ya maziwa, na mwisho dizeli kidogo ya kuonjesha. Abiria mmoja, mama wa makamo aliyekuwa anawahi sokoni, alitazama ile chupa akasema kwake hayajatoka tangu Jumatatu. Nilimwonea huruma. Yeye hana gari la dizeli.

Nianze na malipo, maana najua kwenye malipo hamchelewi. Kama mjuavyo, katika kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini, shilingi 50 hukatwa kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Maji. Utaratibu huu una zaidi ya miaka kumi. Wananchi tulidhani fedha ile inakwenda kuchimba visima na kutandaza mabomba vijijini. Kumbe kuna mtaalamu aliyeona mbali zaidi: tozo ya maji inakatwa kwenye dizeli, na maji yenyewe yanawekwa humohumo, safari ikaisha pale pale kituoni. Hakuna mitaro ya kuchimba, hakuna fidia kwa wenye mashamba, hakuna mkandarasi wa kukimbia na malipo ya awali.

Lipo tatizo dogo la bei. Uniti moja ya maji yenu ni lita 1,000. Maji haya mapya yanauzwa zaidi ya shilingi 2,000 kwa lita, kwa hiyo uniti moja inapita shilingi milioni mbili. Risiti ya EFD ninayo. Imeandika dizeli, lita zote zimehesabiwa, maji hayakutajwa mahali popote. Yamelipiwa hata tozo ya barabara, ingawa yalilisimamisha gari kando ya barabara hiyo hiyo. Naomba mniandalie ankara ya kweli inayotenganisha kilicho chenu na kilicho cha sheli, nijue marejesho nidai dirisha gani.

Sasa ubora wa huduma. Wazungu, kwa uchoyo wao, wameandika kwenye kiwango chao cha dizeli kiitwacho EN 590 kwamba maji yasizidi miligramu 200 katika kilo moja ya mafuta. Nimepiga hesabu: kwenye tangi la lita 70 ni kama gramu 12, hazifiki vijiko vitatu vya chai. Nyinyi mmenipa madumu. Kwa ukarimu huo sina cha kusema. Mwenye cha kusema ni injini.

Wazee wa gereji huzisifu Land Cruiser za injini ya 1HZ, zenye pampu ya mtindo wa zamani, kwamba zilisamehe mengi. Magari ya siku hizi hayana roho hiyo. Pampu yake husukuma mafuta kwenye mrija mmoja mnene kwa presha inayopita bar 1,500, na hapo mkumbuke tairi la gari dogo hubeba bar mbili na ushee. Nafasi iliyopo kati ya chuma na chuma ndani ya pampu na nozeli hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Huko hakuna oili inayopelekwa kulainisha. Dizeli yenyewe ndiyo oili. Maji yakiingia, chuma kinasaga chuma. Yakifika kwenye ncha ya nozeli, palipo na joto la mwako, hugeuka mvuke ghafla na yanaweza kuivunja ncha hiyo. Yakilala humo usiku kucha, yanaleta kutu. Fundi akikutajia bei ya nozeli nne na pampu, ndipo unapoelewa kwa nini baadhi ya wenzetu wameegesha magari uwanjani na kuyageuza mabanda ya kuku.

Tena kuna viumbe hai. Kwenye mpaka wa maji na dizeli, tangini, wanaota fangasi na bakteria. Maarufu kuliko wote anaitwa Hormoconis resinae. Wanaishi kwenye maji na chakula chao ni mafuta, maisha ambayo wengi wetu tungeyapenda. Kinyesi chao na maiti zao ni utelezi mweusi unaoziba filta mpya ndani ya safari chache. Kwenye mtandao wenu wa kawaida mnaweka klorini. Kwenye huu mpya naona bado hamjaajiri mkemia.

Nilikwenda kwa mwenye sheli, nikampa pole na hongera. Akaniambia hajui chochote, yeye huuza alicholetewa. Dereva wa lori la mafuta naye akasema hubeba alichopakiwa. Wa bohari walisema mafuta yao yalitoka yakiwa safi. Wote kwa pamoja wakaielekezea mvua kidole, na mvua, kama ilivyo desturi yake, haikupokea simu.

Nitawasaidia kidogo hapa, kwa sababu jambo hili linapimika. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini. Watu waliobuni matangi ya sheli walilijua hilo, wakaacha mdomo wa bomba la kuvutia mafuta juu kidogo ya sakafu ya tangi, makusudi, ili maji machache yanayojikusanya yasivutwe. Maana yake ni kwamba siku maji yanaingia kwenye gari langu, yalikuwa yamekwisha kujaa chini, yakapanda, yakafika mdomoni mwa bomba. Hiyo ni safari ndefu. Njia nzima kulikuwa na kijiti cha kupimia, na kulikuwa na ile dawa inayopakwa kwenye ncha ya kijiti, ambayo hubadilika rangi ikigusa maji. Kazi ya dakika chache kila asubuhi, na baada ya kila mvua kubwa. Mfuniko wa tangi uliopasuka mpira nao unaonekana kwa macho. Kwa hiyo mtu akisema hakujua, naomba tuongeze neno moja: hakuchungulia.

Mtasema ukaguzi upo. Ni kweli, upo, na ni mkali. Tangu mwaka 2010 nchi yetu inaweka vinasaba, yaani kemikali ya alama, kwenye mafuta, na sheli inayokutwa na mafuta yasiyo na vinasaba inaijua adhabu yake. Vinasaba vinamnasa aliyekwepa kodi, vinamnasa aliyemwaga mafuta ya kwenda nchi za nje kwenye soko la ndani, vinamnasa aliyechanganya mafuta ya taa. Ila maji yana uungwana wake: hayachanganyiki. Dizeli iliyokaa juu ya maji inabaki na vinasaba vyake vyote, ikipimwa inafaulu kwa daraja la kwanza. Kodi ya serikali iko salama. Injini yangu haikuwa kwenye mtaala.

Hata yale mafuta ya taa tuliyapiga vita kwa namna yetu. Mwaka 2011 kodi yake ilipandishwa ili kuua faida ya kuchanganya. Majirani zetu wa Kenya walifanya vivyo hivyo mwaka 2018, wakaongeza tozo ya shilingi 18 za kwao kwa lita. Hila ile ilihitaji kuzimwa, sikatai, maana mafuta ya taa huyeyuka ndani ya dizeli, huwezi kuyaona kwenye chupa, na pampu hufa kimyakimya kwa kukosa ulainishi. Lakini bibi mwenye koroboi ndiye aliyelipishwa dhambi za mwenye sheli. Hofu yangu sasa ni kwamba mkigundua maji yanachanganywa kwenye dizeli, mtapandisha bei ya maji.

Kwa kuwa wakaguzi wana kazi nyingi, kazi hii nimejipa mwenyewe, na naomba niingizwe kwenye orodha ya mishahara. Nikiona lori linashusha mafuta kituoni, napita moja kwa moja, kwa sababu mafuta yanayomwagika kwa kasi huvuruga maji na tope lililotulia chini. Natembea na chupa ya kioo. Namwomba mhudumu anijazie kidogo, natazama: dizeli njema ni angavu, yenye maji ni ya ukungu, na ukiiacha itulie utaona mstari. Wahudumu wa sheli wananitazama kama mtu aliyeleta kipimo cha choo. Koki ya filta inafunguliwa kila mwanzo wa wiki, kwa msukumo wa pampu ya mkono mpaka itoke dizeli tupu. Taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi, konda amekatazwa kuibandika stika. Jioni najaza tangi, nisiache nafasi kubwa ya hewa ambayo unyevu wake utageuka matone usiku. Na yale mafuta ya madumu ya kando ya barabara, yaliyofyonzwa kwenye magari ya watu, sinunui hata kwa nusu bei, maana ndani yake nimewahi kuona mchanga, majani, na kitu kilichokuwa na miguu.

Shemeji yangu mwenye trekta ana somo lake. Pipa lake lilikuwa limesimama wima nje, vizibo vimekazwa barabara, na bado maji yakaingia. Mvua ikikaa juu ya pipa, mchana hewa ya ndani hupata joto ikatoka kupitia nyuzi za kizibo. Usiku ikipoa, pipa linavuta, na kinachovutwa ni yale maji yaliyokaa juu. Siku hizi amelilaza chini ya paa, vizibo vimekaa usawa wa saa tatu na saa tisa, mafuta yenyewe yakivifunika kwa ndani. Huyo hajasoma uhandisi. Amesoma deni la fundi.

Na mtu akishajaziwa maji na kugundua mapema, ushauri wa fundi wangu ni mfupi: usiwashe. Tangi lifunguliwe chini, limwagwe, filta mpya ifungwe, mirija isafishwe, hewa itolewe. Ukiwasha ili “ujaribu kidogo”, umeyapeleka maji mpaka kwenye nozeli kwa gharama zako.

Ndugu Mkurugenzi, wapo wenzetu waliopata huduma kama hii na kusikilizwa upesi. Juni 2025, huko Ratlam katika jimbo la Madhya Pradesh nchini India, magari 19 ya msafara wa Waziri Kiongozi wa jimbo, Mohan Yadav, yalijazwa dizeli kwenye kituo kimoja usiku, yakaanza kuzima moja baada ya jingine. Matangi yakafunguliwa, maji yakaonekana. Maofisa wakafika, kituo kikafungwa, magari mengine yakaitwa kutoka Indore. Huko nako mvua ndiyo iliyotajwa. Lakini tazameni kasi. Kosta ya abiria ikizima mlimani kwetu, unapewa fomu ya malalamiko, na kalamu uje nayo.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni moja. Nyinyi mna ukaribu na wakubwa kuliko mimi. Safari ijayo ya kiongozi kuja kuzindua mradi wenu wa maji, nawasihi msafara wote ujaze dizeli kwenye sheli yetu. Wajaze full tangi, mashangingi yote, na la itifaki lisiachwe. Halafu wapande ule mlima. Mradi utakuwa umezinduliwa, na kijiti cha kupimia kitapatikana jioni hiyo hiyo.

Nawatakia utekelezaji mwema.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwenye Kosta, akaunti ya maji iliyolipwa hadi mwezi huu

Nakala:
Mwenye sheli – aichemshe dizeli kabla ya kuuza.
Fundi wangu – kwa taarifa, na avumilie salio.
Dereva wa gari la zimamoto – nasikia naye hujaza hapohapo. Aweke alama, asije akachanganya tangi la kuzimia moto na tangi la kuzimia injini.