Mpokea Zote
Mwenye kikoa kipya cha intaneti hujiona mfalme kwa siku chache. Hujigawia anwani za mauzo@, malalamiko@ na mkurugenzi@, ingawa kampuni nzima ni yeye na simu yake. Kuziandika moja moja kwenye seva kunachosha, na hapo ndipo fundi wake hukumbuka njia ya mkato.

Katika Postfix, programu ya barua pepe iliyoandikwa na Wietse Venema akiwa IBM na kutolewa mwaka 1998, mkato huo ni mstari mmoja kwenye orodha ya lakabu, yaani anwani zinazoelekezwa kwingine: alama ya @ na jina la kikoa, bila jina la mtu mbele yake, kisha sanduku la kupokelea. Fundi anapiga amri ya postmap, na tangu hapo kila jina linaloweza kubuniwa lina anwani.

Kituko cha kwanza hutokea ofisini. Postfix huisoma orodha ya lakabu kabla ya kufikia masanduku yenyewe, kwa hiyo barua za bosi, mwenye sanduku lake halali, zinaweza kumiminika kwa fundi pamoja na mambo asiyopaswa kuyajua. Dawa yake inachekesha: bosi aandikwe kwenye orodha kuwa anaelekezwa kwa bosi.

Kisha wanafika watuma barua taka. Wao hubahatisha: juma@, asha@, info@. Seva nyingine ingewakatalia. Hii inawakaribisha wote kama harusi isiyodai kadi mlangoni.

Mmarekani Chet Faliszek alilijua lundo la barua zisizomhusu kuliko wengi. Mwaka 2000 alinunua kikoa cha donotreply.com, yaani “usijibu”. Makampuni, yakidhani hakina mwenyewe, yaliweka anwani zake kwenye barua zao kwa wateja. Wateja wakajibu vilevile, na majibu yakamfikia yeye, mengine ya mambo ya benki. Barua zilizomchekesha alizianika mtandaoni. Kampuni iliyotaka yake iondolewe ilitakiwa kwanza kuchangia makazi ya wanyama.

Jeshi la Marekani nalo halikusalimika. Anwani zake huishia na .mil, na za nchi ya Mali .ml. Mholanzi Johannes Zuurbier, aliyekuwa akisimamia .ml, alinasa takriban barua 117,000 zilizopotea njia kati ya Januari na Julai 2023. Moja ilikuwa na ratiba ya safari ya Jenerali James McConville kwenda Indonesia, hadi namba ya chumba cha hoteli.

Hata bila mkato wa kupokea zote, anayetaka anwani tofauti kwa kila duka anaweza kuruhusu alama ya + baada ya jina lake: asha+viatu@, asha+simu@. Anwani nyingine ziandikwe moja moja, pamoja na postmaster@, ambayo kanuni za SMTP, itifaki ya kutuma barua pepe, huidai. Na juma@ ambaye hajawahi kuajiriwa, akataliwe mlangoni.