Besi ya Kulishwa

Hongera, mwanangu mpiga besi wa Kilwa Masoko. Umelitupa gitaa la kale, umeleta lenye betri ya volti 9 na vidude vya kupandisha besi na trebo. Ila hukuambiwa kwamba waya ukichomekwa tu, betri inaliwa, hata gitaa likiwa limelala. Juzi bibi harusi anaingia ukumbini, besi ikakoroma, ikakata roho. Maduka yamefungwa, Lindi mjini mbali. Besi ya Precision ya Fender ilitoka mwaka 1951 bila betri, na mpaka leo inanguruma. Magofu ya Kilwa Kisiwani nayo yamesimama karne nyingi bila kuchajiwa. Taka makuu, hatukukatazi. Lakini chomoa waya kabla ya kukimbilia pilau.