Shemeji na Karatasi ya Vidoti

Kabla ya kujaribiwa kwenye karatasi, kila bunduki ya marisau ni nzuri na kila mwenye nayo ni hodari. Shemeji yangu, mume wa dada, alikaa na yake kwa raha hiyo muda mrefu tu. Wanaishi Pennsylvania, Marekani, ambako bata mzinga wa porini huwindwa kila majira ya kuchipua, na shemeji, mzaliwa wa Muheza, aliona haiwezekani mjukuu wa mtu aliyelinda mahindi kwa gobore abaki sebuleni wakati majirani wanaingia msituni. Gobore la babu halikuwahi kuona karatasi. Lilishindiliwa baruti, vitambaa na vipande vya chuma vilivyookotwa popote, likalia, ngedere wakatimua mbio, kazi ikaisha. Kipimo kilikuwa mlio.

Bunduki za siku hizi zinapimwa kwa utaratibu. Unatundika karatasi kubwa, unarudi nyuma yadi 40, yaani kama mita 37, unafyatua mara moja. Kisha unatafuta pale matundu yalipojaa zaidi, unachora duara la upana wa inchi 30, unaanza kuhesabu. Mtutu uliobanwa sana mdomoni, wanaouita fulu, unatakiwa uingize humo asilimia 70 hivi ya marisau yote. Uliobanwa wastani, 60. Usiobanwa kabisa, 40. Hesabu ya darasa la sita, ila kwanza ujue risasi moja ina marisau mangapi. Kwa sababu hiyo ndogo, dada akajikuta ndani ya habari isiyomhusu.

Nilipokuwa mgeni wao, shemeji alipasua ganda moja juu ya meza ya jikoni. Namba 6, wakia moja na robo. Kwa vipimo vya Kimarekani yanatakiwa yawe kama 280. Akayamwaga kwenye sahani, tukainamisha vichwa kama mabibi wanaochambua mchele kwenye ungo, tukihesabu kumi kumi. Kila tukikaribia mwisho, chembe moja inadunda, inabingirika chini ya friji, tunaanza upya.

“Baba Salma,” dada akasema mlangoni, “hiyo si sahani ya pilau?”

“Tunahesabu tu, mama.”

“Mnahesabu risasi kwenye sahani ya pilau?”

Madini ya risasi ni sumu, na dada ni muuguzi. Sahani ilihamia gereji usiku huo huo na haijarudi. Nusura shemeji aifuate.

Uwanjani, karatasi ya kwanza ilikuwa aibu. Matundu mengi yalikuwa yamejikusanya chini kushoto. Kulia palikuwa na uwazi ambao bata mzinga angesimama, akajikung'uta mabawa na kuondoka zake bila kuguswa. Penginepo marisau matano yalikuwa yamepita karibu tundu moja. Shemeji akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama kwa uchungu.

“Bunduki mbovu hii.”

Ya pili ikatoka vilevile. “Risasi mbovu.” Ya tatu: “Upepo.” Hapakuwa na jani lililotikisika Pennsylvania nzima.

Kosa la watu wengi, na shemeji ni mmoja wao, ni kudhani karatasi mbaya ina ugonjwa mmoja. Ina miwili, na dawa zake hazifanani. Marisau yakienda yote upande mmoja wa pale ulipolenga, hilo ni suala la ulengaji: jicho, bega, kidole, au bunduki isiyomkaa mtu vizuri. Yakifika pale pale ulipolenga lakini yana mashada huku na mapengo kule, hapo ndipo uulize habari za mtutu na risasi. Na hata hapo usikimbilie dukani. Vitu 280 vikitawanyika kwa bahati tupu, lazima pawe na mashada na lazima pawe na mapengo. Yangekaa kwa usawa kama yamepangwa kwa rula, hapo ungestahili kushangaa. Ndiyo maana wajuzi hawahukumu bunduki kwa karatasi moja. Hupiga kadhaa kwa risasi za boksi moja, wakachukua wastani. Shemeji karatasi moja ilimtosha kuona mpaka ramani ya Ziwa Victoria, na visiwa vya Ukerewe vikiwa mahali pake.

Basi akakimbilia dukani. Alirudi na kibano kipya cha kufungwa kwenye mdomo wa mtutu, cheusi, kinachong'aa, kilichobana kuliko fulu yenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba ukibana zaidi, marisau yatakaa pamoja zaidi. Ina mantiki, mpaka upige. Marisau ya risasi laini hubondeka baruti inapoyasukuma kwa ghafla, na yakibanwa kupita kiasi mdomoni husuguana na kubondeka tena. Lililopoteza uduara hukamatwa na hewa likajiendea zake. Karatasi ya kibano kipya ilikuwa mbaya kuliko zote. Kumweleza kwamba risasi zenye marisau magumu, yaliyochanganywa antimoni, huenda zingemsaidia kwa bei ndogo zaidi, ilibidi kusubiri apoe.

Halafu karatasi zikaisha. Shemeji hakukubali kurudi nyumbani. Akafungua buti la gari akatoa bunda la karatasi ya kufungia zawadi, iliyobaki sherehe ya kuzaliwa kwa Salma. Nyeupe, nzuri, pana, ina vidoti vyeusi. Kila kidoti kilikuwa na ukubwa wa tundu la marisau namba 6.

Sijui kama umewahi kubishana na shemeji yako kuhusu kidoti. Yeye anapitisha kalamu, anahesabu. Mimi nyuma yake napitisha ukucha. “Hiki kidoti.” “Tundu hilo.” “Shemeji, ukucha hauingii.” “Limejifunga.” Kwa hesabu yake bunduki ilikuwa imeingiza ndani ya duara marisau 341. Nikamkumbusha kwamba tulipasua ganda wenyewe. Akasema kiwanda kimetupa nyongeza.

Aliyetuokoa ni jirani yao, mzee wa Kimarekani mwenye maneno machache. Alimtazama shemeji akipiga, hakusema kitu, akaomba yeye ndiye ampakilie risasi inayofuata. Akaingiza ganda la mazoezi, lisilo na baruti wala marisau. Shemeji akaweka kitako begani, akavuta pumzi, akavuta kifyatulio.

Tik.

Bunduki haikulia, ila mwenyewe alicheza ngoma yote. Macho yalikuwa yamefumba, shingo imezama mabegani, bega limerudi nyuma, na mdomo wa mtutu umeinama chini kushoto, kule kule kwenye matundu ya karatasi zote. Alikuwa amepigwa teke ambalo halikupigwa. Akabaki vile kitambo, akisubiri mlio ufike.

“Imegoma,” akasema, macho bado yamefumba.

Ugonjwa wa kwanza ukapona polepole, kwa risasi nyepesi za mazoezi na bunduki kulazwa juu ya mifuko ya mchanga. Wa pili ulikuwa ndani ya mtutu. Marisau husafiri humo ndani ya kikombe cha plastiki, na plastiki hiyo huacha ukoko. Bunduki ilikuwa ya mkono wa pili, na mwenye mkono wa kwanza hakuwa mtu wa usafi. Tulisugua kwa brashi ya shaba hadi tukatoa tepe nyembamba za plastiki kama maganda ya kitunguu. Kibano cha zamani kikarudishwa. Bata mzinga hulengwa kichwani na shingoni, na wawindaji wengi huko hutaka matundu 100 ndani ya duara la inchi 10. Kwa umbali wa yadi 30 shemeji akawa anayapata, kwenye karatasi isiyo na vidoti.

Hapo ingetosha. Kwa bahati mbaya mzee akamwazima kitabu cha mwaka 1976 cha Bob Brister, mwandishi wa uwindaji wa Texas. Brister alitaka kujua marisau yametapakaa kwa urefu gani yakiwa angani, jambo ambalo karatasi iliyosimama haiwezi kuonyesha. Akatengeneza shabaha ya futi 16, akaiweka juu ya trela, mkewe akaivuta kwa gari kwa mwendo wa kasi, yeye akaipiga ikipita.

Shemeji alisoma ukurasa huo kwa sauti wakati wa chakula cha jioni, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza chumvi, kama trela ya jirani inaweza kufungwa kwenye gari la dada.

Dada akaweka kijiko chini. “Na huyo mama, bima yake ya maisha ilikuwa dola ngapi?”

Shemeji akapekua kurasa mbele na nyuma. “Kitabu hakisemi.”

“Basi rudisha, uazime kinachosema.”