Sifa za Haibridi Yenye Trela

Wengine na wasifu Land Cruiser. Mimi nasifu haibridi, gari lenye tangi la petroli na betri ya kuchomeka kwenye soketi, hasa likifungiwa trela la kambi na kuelekezwa Amboseli kwa barabara ya Namanga. Kwenye msongamano wa Kitengela halitoi moshi. Ni kimya kiasi kwamba mbuzi hulipisha kwa hiari yao wenyewe, wakichelewa kidogo. Hayo ni madogo.

Fadhila yake kuu ni kufundisha subira. Outlander kuukuu la Japani lina betri ya yuniti 12 hivi. Lichomeke usiku kwenye soketi ya ukutani, ungoje kama saa tano. Asubuhi ondoka Kitengela betri ikiwa imejaa pomoni, na kabla ya Isinya, kwa uzito wa trela, stima imekwisha. Injini huamka, ikavuta trela pamoja na ile betri tupu kupita Kajiado, Bisil, hadi Namanga. Ayubu alipoteza ngamia, ng'ombe na watoto, lakini hakuna kijana wa pampu aliyewahi kumuuliza mbele ya foleni: “Mzee, hii si ya stima?”

Kambini subira hupanda darasa. Soketi iko jikoni, nyuma ya friji. Kebo hupenya dirishani na kukatiza miguuni mwa mpishi, ambaye huichomoa kila anapotaka kuchemsha maji. Jenereta huwashwa jioni na kuzimwa kabla ya usiku wa manane. Basi gari la kuokoa mazingira hunyweshwa dizeli kwa mngurumo, nami hukaa kando yake nikitafakari uadilifu wangu.

Kisha huja bili. Mwenye kambi alinitajia bei ambayo ingenijazia petroli ya kurudi nyumbani. Nikauliza ni yuniti ngapi. Akajibu gari ni kubwa. Na huko Kitengela, mwenye ploti hutuuzia tokeni kwa bei yake, na sasa amepiga marufuku kebo yangu eti itamaliza stima ya wapangaji!

Hapa sifa zinanikwama kooni. Aprili 2023, EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, iliweka bei maalumu ya kuchaji magari: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 usiku mahitaji yanapopungua, kabla ya tozo. Kipeto, humu humu Kajiado, mitambo 60 inageuza upepo wetu kuwa umeme. Stima ipo na bei nafuu ipo, ila bei humfuata mwenye mita, na mita si ya mpangaji wala ya mgeni wa kambini.

Wenye ploti na wenye kambi, wekeni nje soketi moja yenye mita yake, tulipe tulichotumia. Nawe unayeagiza haibridi kupitia Mombasa, kabla ya kuuliza inakwenda kilomita ngapi kwa stima, uliza soketi ni ya nani.