Niko Karibu, Nimefika Kibarani

Mwulize mzee wa Mombasa anayekaribia kustaafu kama alisoma TUM, na huenda akakukatalia katakata, ilhali alisomea pale pale Tudor, chuo kilipo. Wala hasemi uwongo. Chuo hicho kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 kikiwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME kwa ufupi. Mwaka 1966 kikawa chuo cha ufundi, 1972 kikawa Polytechnic, 2007 kikawa chuo kishiriki cha chuo kikuu cha JKUAT, na 2013 kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Waliopita pale katika miaka ya Polytechnic hujiita "wa Poly" hadi leo. Basi mwanafunzi akiandika "TUM" kwenye LinkedIn ili apate wahitimu waliomtangulia, wanaomtokea wengi ni waliomaliza juzi, nao pia wanatafuta kazi.

Ndivyo alivyohangaika kijana mmoja wa Kibokoni, mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo. Alikuwa akisaka mahali pa kufanyia mafunzo ya kazini, yale wenyewe wanayoyaita atachimenti. Aliandikia watu wa Nairobi, akaandikia watu wa Dubai, akamwandikia hata bwana mmoja wa Kanada ambaye baadaye ilibainika aliwahi tu kupita Mombasa likizoni. Mama yake alikuwa akimtazama kwa huruma iliyochanganyika na kero. "Na huyo ami yako wa hapo barazani je? Si ni mtu wa Poly huyo?"

Ami wa barazani kijana alimwona mara moja moja tu baada ya Alasiri, salamu na kupita, kikombe cha kahawa chungu mkononi, akibishana kuhusu mpira. Kijana hakuwahi kumfikiria kuwa mtu wa mitambo. Mzee alitoa simu, akaivuta mbali na macho ili aone namba, akamwunganisha na mwanafunzi mwenzake wa zamani, mhandisi anayefanya kazi Changamwe. "Mwandikie. Mwambie umetoka kwangu."

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Ujumbe wa kwanza kwenda kwa mhandisi uliingia saa sita na nusu za usiku, nao ulikuwa neno moja: "Mambo." Simu ikilia saa hizo, mtu wa makamo hukaa kitandani na kuuliza nani amefariki. Ujumbe wa pili ulisema, "Naomba kazi." Wa tatu ulikuwa wasifu wake wa kazi, au ndivyo alivyodhani. Mhandisi alipoufungua alikuta bajeti ya harusi ya binamu: mbuzi, mchele wa pishori, mahema, na jina la mjomba mmoja aliyeahidi mchango bila kuutoa.

Alijibu asubuhi. "Waalaikumu salaam, ingawa hukunisalimu. Huyo mjomba mfuatilieni. Njoo kesho saa mbili."

Kesho yake kijana akapanda matatu Mwembe Tayari saa moja na nusu, kwa hesabu ya mtu ambaye hajawahi kuwahi kitu ng'ambo ya Makupa. Walipofika Kibarani gari likasimama. Mbele trela, nyuma trela, ubavuni tuktuk iliyojipenyeza ikakosa pa kutokea. Makanga alikuwa ameshashuka, ananunua njugu. Kijana akaandika kile ambacho kila mtu wa Mombasa huandika.

"Niko karibu, mkubwa."

"Karibu wapi?"

"Kibarani."

"Kibarani upande gani? Piga picha."

Akapiga: maji ya hori la Makupa, miti iliyopandwa kandokando, mtu kalala kwenye benchi na kofia usoni. Ilimchukua mhandisi muda kidogo kuitambua. Alipokuwa mwanafunzi yeye, Kibarani ilikuwa jaa la taka la mji mzima, na kazi ya abiria hapo ilikuwa kufunga madirisha na kubana pua. Akajibu: "Hapo una nusu saa nzima. Tumia muda huo uandike maswali matatu. Lisiwemo la kazi."

Kijana aliandika maswali mawili. La tatu lilikataa kuja.

Mazungumzo yenyewe yalifanyika kibandani, juu ya chai ya maziwa na mahamri. Mhandisi alimwuliza anataka kazi gani, naye akajibu kwa unyenyekevu wote, "Yoyote." Mhandisi akamwonyesha nje, vijana waliokuwa wakipakia simiti kwenye lori. "Hiyo ipo. Unaanza sasa hivi?" Baada ya hapo maswali yakatiririka yenyewe: barua ya utambulisho kutoka chuoni inahitajika mapema kiasi gani, bima ya mwanafunzi ni ya kazi gani, kwa nini watu hurudishwa getini kwa kukosa buti za usalama, na nani hutia saini daftari la kazi za kila siku msimamizi akiwa likizoni. Mambo haya hayamo kwenye hotuba za mahafali.

Pale pale Tudor, mwanzoni mwa miaka ya 1950, karani mmoja wa MIOME alikuwa na shida iliyofanana na ya kijana huyu. Alimaliza sekondari kwa daraja la tatu, Makerere ikawa mbali naye. Siku moja akasimama kuhutubia Maulidi mbele ya wageni, mmoja wao akiwa gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Hotuba ile ikamfungulia njia ya ufadhili wa kusoma Uingereza. Karani huyo alikuwa Ali Mazrui. Akasoma Huddersfield, Manchester, Columbia na Oxford, kisha Makerere iliyomkosa kama mwanafunzi ikampata kama profesa. Alifariki mwaka 2014, akazikwa kwenye makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus, mahali ambapo kijana wa Kibokoni hupita kwenda kununua mkate. Inafaa kukumbuka kwamba Mazrui hakumwomba gavana kazi. Alisema jambo, akasikika.

Na ami wa barazani hakuwa bahati tu. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya kuwauliza wataalamu wa mji mmoja karibu na Boston jinsi walivyopata kazi. Kati ya waliopata kupitia mtu, chini ya asilimia 17 walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Zaidi ya nusu walionana naye mara moja moja, na waliobaki walionana naye kwa nadra sana. Sababu ni rahisi: rafiki wa kila siku anajua yale yale unayoyajua wewe. Yule wa salamu za barazani ana watu wake wengine.

Kijana alipata nafasi ya miezi mitatu, si kwa mhandisi bali kwa jirani wa mhandisi. Alishukuru vizuri, mchana, kwa sentensi kamili. Ila namba ya mhandisi aliitoa pia nyumbani, bila kuuliza. Wiki iliyofuata simu ya mhandisi ililia, sauti ya mama mtu mzima: "Mwanangu, mimi ni shangazi yake yule wa mitambo. Kuna mwengine hapa, huyu amesomea ususi."